Neno Lililobaki Bila Naam

Kazi ya Chiriku ilikuwa kusoma kwa sauti, na kazi ya Babu Naam ilikuwa kuitika.

Ungewaona kwa mara ya kwanza ungedhani wote wawili wamechanganyikiwa. Chumba chao kilikuwa mwisho wa ukumbi, katika ofisi ya wachapishaji wa vitabu vya shule. Kilikuwa na meza moja, viti viwili vinavyotazamana, na dirisha lililoangalia ukuta wa jengo la jirani. Chiriku alishika prufu, yaani kurasa za majaribio zilizokwisha kupangwa lakini hazijachapwa kitabu. Babu alishika muswada wa mwandishi. Chiriku alisoma kila kilichokuwa mbele yake, hata alama: neno, mkato, maana, nukta, fungua mabano, funga mabano. Alipomaliza maelezo ya neno moja alinyamaza. Babu alikuwa akimfuata kwa ncha ya penseli, na kama prufu ililingana na muswada alisema, "Naam." Kama haikulingana alisema, "Simama," kisha akataja kosa. Bila naam hawakuvuka kwenda neno linalofuata, hata kama nje nyumba ingekuwa inaungua.

"Lakini Babu, siku hizi kompyuta inakagua yenyewe," Chiriku alimwambia alipoanza kazi, ametoka chuoni juzijuzi, amejaa mawazo mapya hadi masikioni.

"Na ikague. Mimi nitakwenda wapi? Nikasuke nywele?" Babu alijipapasa upara wake. "Soma, mjukuu wangu."

Jina la Chiriku alipewa na Babu, kwa sababu alisoma upesi kama ndege huyo anayechachatika alfajiri, halafu pumzi ikamwishia katikati ya sentensi, akavuta hewa kwa kelele kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Na alikosea. Aliruka maneno, alirudia mstari, alisoma mkato pasipo na mkato. "Siku utakayosoma ukurasa mzima bila kukosea," Babu alipenda kumwambia, "nitakununulia ndege. Ya kupaa, si wa kufuga."

Kitabu walichokuwa wakikisoma kilikuwa kamusi ya vitenzi vya Kiingereza vya kila siku, kwa ajili ya wanafunzi. Kila kitenzi kilipewa maana yake na asili yake, na vingi vilitoka Kilatini. Chiriku alikipenda kitabu hicho kupita kiasi. Aliamini kwa moyo wote kwamba mtoto akijua neno limetoka wapi na lilipita njia gani hadi kumfikia, hatalinyenyekea tena wala kuliogopa; atalikaribisha kama mgeni aliyekwisha kujitambulisha. Babu hakumcheka kwa hilo. Alisema tu, "Naam," ingawa Chiriku hakuwa akisoma.

Siku ile walikuwa kwenye herufi ya R. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke. Chiriku alifika kwenye neno "respond", akasoma: kujibu, mkato, kuitika, nukta. Akasoma asili yake. Neno lilitokana na Kilatini, respondere, likapitia Kifaransa cha zamani kabla ya kuingia Kiingereza. Re ni kurudisha. Spondere ni kuweka ahadi. Warumi wa kale walipofunga mkataba, mmoja aliuliza, "Unaahidi?" na mwenzake akajibu kwa kitenzi hichohicho, "Naahidi," na kwa jibu hilo alikuwa amekwisha kufungika, hata mchumba aliyeahidiwa ndoa aliitwa kwa jina la mzizi huo. Kwa hiyo kumjibu mtu, kwa asili yake, ni kumrudishia ahadi. Nukta.

Akanyamaza, akingoja naam.

Haikuja.

"Babu, nimekosea?"

Babu Naam alikuwa ameegemea kiti, penseli ingali vidoleni. Macho yalikuwa wazi, yanamtazama. Mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja, kama mtu aliyeanza kutabasamu akasahau namna ya kumaliza.

Hospitali walisema ni kiharusi. Baada ya kumhangaikia walimrudisha nyumbani kwa binti yake, anapumua, anameza uji ukimtilia kwa kijiko, lakini yeye mwenyewe hayupo. Hivyo ndivyo daktari alivyosema: mwili upo, yeye hayupo. Hakufuata kidole kwa macho. Hakumjua mtu. Chumba cha mwisho wa ukumbi kilifungwa, ufunguo ukawekwa kwenye droo ya mhariri mkuu, na maneno yaliyobaki yakaamuliwa yakaguliwe kwa kompyuta. Chiriku alihamishiwa meza iliyo karibu na ngazi, na zaidi ya nusu ya siku zake zikawa za kwenda kwa mpiga chapa na kurudi na kurasa.

Ikawa siku moja anapanda ngazi, bahasha ya prufu kwapani, akakutana na mhariri mkuu anayeshuka. Huyu alikuwa bwana mnene mwenye kupenda mzaha.

"Chiriku! Leo umenifurahisha."

"Nimefanya nini, bosi?"

"Kusoma kwako. Tangu tulipofungua ofisi asubuhi nakusikia kupitia ukuta. Umesoma kama maji yanayotiririka. Hukukwama hata mara moja. Mzee angekusikia angekununulia ile ndege."

Chiriku alicheka, kisha akaacha. "Bosi, mimi ndiyo kwanza naingia. Nilikuwa kwa mpiga chapa."

"Acha utani."

"Na kile chumba si umekifunga mwenyewe?"

Mhariri alimtazama, akatazama ukumbi, akarudi ofisini kwake. Chiriku alisikia droo ikivutwa. Ufunguo ulikuwepo. Walikwenda pamoja wakafungua. Viti viwili, meza moja, vumbi limetulia juu ya kila kitu kama unga uliochekechwa. Hapakuwa na alama ya kidole wala ya kiwiko.

"Basi masikio yangu yamezeeka kabla ya mimi mwenyewe," mhariri alisema, lakini hakucheka. Alipokuwa akifunga mlango aliongeza kwa sauti ya chini, "Ila ilikuwa sauti yako, binti. Ulikuwa unasoma, unanyamaza kidogo kama unangoja, halafu unaendelea. Nilichoshindwa kusikia ni yule aliyekuwa anakuitikia."

Kabla Chiriku hajaketi, simu yake ililia. Mwanamke upande wa pili hakusalimu.

"Ni wewe Chiriku wa baba?"

"Ni mimi, Shangazi." Alimwita shangazi kwa sababu Babu alikuwa babu, na binti wa babu hawezi kuwa mwingine.

"Baba anaongea."

"Mungu ashukuriwe!"

"Usishukuru kwanza," Shangazi alisema. "Njoo umsikie."

Chiriku hakuaga mtu. Alitoka na bahasha yake kwapani.

Shangazi alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yake kilijaa sare za shule: marundo ya sketi zisizo na pindo, kola zilizokatwa zikingoja mashati yao, vipande vya uzi vimetapakaa sakafuni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu kama baba yake, sindano mbili zimechomekwa kifuani mwa gauni. Hakumkaribisha kiti. Alimshika mkono, akamsimamisha karibu na mlango wa chumba cha ndani.

"Sikiliza."

Kimya. Barabarani gari lilipiga honi. Kisha kutoka ndani, sauti iliyopwaya lakini isiyo na shaka:

"Naam."

Chiriku aliitambua. Ilikuwa naam ileile, yenye kushuka mwishoni kidogo, ya mtu aliyekwisha kutazama na kuridhika.

"Anakuitika wewe?"

"Angekuwa ananiitika mimi ningekupigia simu?" Shangazi aliongea kwa kunong'ona na kwa hasira. "Nikimwita ni kama naita ukuta. Anaitika mwingine. Asubuhi ofisi zikifunguliwa anaanza. Naam. Kimya. Naam. Kimya. Watu wakienda kula mchana anaacha. Wakirudi anaendelea. Jioni anafunga. Jumapili hakufungua kinywa kutwa nzima. Wewe uliona wapi mgonjwa wa kukata kauli anayekwenda na saa za kazi?"

"Labda ubongo wake unakumbuka tu, Shangazi. Ni mazoea ya miaka mingi."

"Daktari naye kasema hivyohivyo. Majirani wamesema vingine." Alijifuta paji la uso kwa kipande cha kola. "Wanasema usimwitikie mtu usiyemwona. Mimi mambo hayo nilikuwa nayacheka, nikicheka hadi uzi unakatika. Lakini tazama: kila siku anaitika upesi zaidi, na kila siku uji unaoshuka kooni unapungua. Jana vijiko vichache. Leo hajameza. Huyo anayemwita, anamwita amfuate. Na akishamaliza kumwita?" Aliikunja kola ngumini. "Kama ni saa ya baba yangu kuondoka, na aondoke. Lakini aondoke anajua anakwenda na nani. Siyo kuvutwa hatua kwa hatua kama mbuzi anayeonyeshwa majani."

"Naam," ilisema sauti ya ndani.

Chiriku alipiga moyo konde, akaingia.

Babu alilala chali, shuka limevutwa hadi kifuani, mikono imewekwa juu yake kama ya mtu mwingine. Alikuwa amekonda kiasi kwamba Chiriku alimtambua kwa upara kwanza. Macho yalikuwa wazi, na hayakumtazama yeye. Yalielekea upande wa miguuni, mahali ambapo mtu angekaa kama angekuwa amekaa naye meza moja.

"Naam."

Chiriku aliketi kwenye kigoda kando ya kichwa chake. Wazo lilikuwa limemjia akiwa mlangoni, nalo lilikuwa la kipuuzi hata akaona haya kulitamka. Alitoa prufu ndani ya bahasha. Zilikuwa kurasa za mwisho za kamusi. Kila mtu anayefanya kazi ile hujua muda wa neno: lipo linalosomwa kwa pumzi moja, lipo linalokula nusu ukurasa. Babu aliitika, kimya kirefu kidogo kikafuata, akaitika, kimya kifupi, akaitika, kifupi tena. Chiriku alipitisha kidole juu ya maneno ya herufi ya W, akitikisa midomo bila sauti, akijaribu huku na kule. Mwanzoni havikulingana. Kisha vikalingana. Kidole chake kilifika nukta ya mwisho ya "wish", na Babu akasema, "Naam." Kilifika nukta ya "wonder". "Naam."

Halafu kimya kikawa kirefu mno. Shangazi, aliyesimama mlangoni, alishika kizingiti kwa mikono yote miwili. "Amekwenda," alinong'ona. "Chiriku, baba amekwenda!"

"Bado, Shangazi. Hili ni neno refu." Chiriku hakuinua kidole. "Ni 'work'. Lina maana nyingi." Kidole chake kilishuka mstari baada ya mstari, kikahamia safu ya pili, kikashuka tena, kikatua kwenye nukta.

"Naam," alisema Babu.

Shangazi alijikalisha sakafuni palepale. "Maneno mangapi yamebaki?"

Chiriku aligeuza ukurasa. Baada ya ule hakukuwa na mwingine. "Machache. Kabla ya jioni yatakwisha."

"Na yakiisha?"

Chiriku aliangalia ukurasa ule wa mwisho. Alikuwa anafikiri juu ya ukumbi wa ofisini, na vumbi lile juu ya meza, na sauti yake mwenyewe ikitiririka nyuma ya ukuta huku yeye yuko kwa mpiga chapa. Msomaji kule, mwitikaji huku. Alitaka kukimbia. Badala yake aliinama karibu na sikio la mzee.

"Babu. Ni mimi. Usimwitikie huyo."

"Naam," alisema Babu, lakini si kwake.

Ndipo alipokumbuka kwamba lipo neno moja walilolivuka bila ruhusa. Kila neno walilolisoma pamoja lilikuwa na naam yake, isipokuwa lile alilokuwa akilisoma Babu alipoanguka. Na Babu alikuwa mtu ambaye angerudi ofisini kutoka kituo cha basi kwa sababu amekumbuka mkato. Kama palikuwa na kitu cha kumvuta, ni hicho. Maelezo ya neno lile Chiriku aliyajua kwa moyo, maana usiku mwingi yalimjia kichwani bila kuitwa. Akaanza kwa sauti:

"Respond. Kujibu, mkato, kuitika, nukta..."

Alisoma yote, kwa uangalifu mkubwa, bila kuruka hata alama. Kilatini, Kifaransa, Warumi na mkataba wao. Katikati yake Babu aliitika mara mbili, lakini kwa ajili ya maneno mengine, ya yule mwingine. Chiriku alimaliza, akangoja. Uso wa Babu ulibaki kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Alirudia, kwa sauti ya juu zaidi. Ilikuwa kama kumsomea mtu kando ya redio iliyofunguliwa.

"Naam," Babu alisema, na safari hii ilifuatana kwa karibu sana na ile ya kabla yake. Anayesoma alikuwa ameongeza mwendo.

Machozi yalimlenga Chiriku. Alijiuliza: naam inataka nini? Naam anaweza kuitoa hata mtu aliye usingizini. Ukimwita anaitika, na asubuhi hakumbuki. Lakini simama ni kitu kingine. Ili mtu aseme simama lazima awe macho, lazima awe amesikia, amelinganisha, amekataa. Simama haisemwi na mazoea. Na katika miezi yote ya kukaa naye meza moja, Chiriku hakuwahi kuona kosa likipita mbele ya mzee huyu likiwa hai.

Akasafisha koo. Ilimuuma alichotaka kukifanya. Alijiona kama anatia mchanga kwenye chakula cha watoto.

"Respond," alisoma. "Limetokana na Kilatini. Re ni kurudisha. Spondere ni kusikia."

Jicho moja la Babu lilicheza.

"Spondere ni kusikia, nukta," Chiriku alisema tena, akivuta hewa kwa nguvu. "Kwa hiyo kumjibu mtu ni kumsikia mara ya pili, nukta. Warumi hawakuwa na ahadi ndani yake hata kidogo, nukta."

Kimya. Chiriku alitupa jicho kwenye prufu iliyokuwa mapajani. Kwa hesabu yake ya kichwa, yule mwingine alikuwa ametua mwisho wa "write". Sasa ndiyo zamu ya naam. Midomo ya Babu ilifunguka. Ikatetemeka. Ikafunga. Ikafunguka tena, na ilichotoa kilikuwa kama kitu kinachoburutwa juu ya changarawe:

"Si... Simama."

Shangazi alijiziba mdomo kwa kola ya shati.

"Kosa liko wapi, Babu?" Chiriku aliuliza, maana hivyo ndivyo walivyoulizana siku zote.

"Si kusikia." Kila neno lilikuja peke yake, limepindwa na upande wa mdomo usiotii. "Kusikia... hata ukuta unasikia. Spondere... ni kuweka ahadi." Alipumzika. "Nani... kakuharibia hivyo?"

"Mimi mwenyewe, Babu. Nimekosea."

Macho yaliondoka miguuni pa kitanda. Yalisafiri polepole, yakapita juu ya shuka, yakamfikia Chiriku, yakakaa. Kisha yakarudi kule yalikokuwa, yakamrudia tena. Kwa mara ya kwanza Chiriku aliona hofu ndani ya macho hayo.

"Uko huku?"

"Niko huku."

"Basi yule... ni nani?"

Shangazi aligeuza shingo. Chiriku hakutaka kutazama, akatazama. Hapakuwa na mtu. Ila shuka pale mwisho wa kitanda lilikuwa limebonyea mahali pawili, sawasawa na viwiko vya msomaji aliyeinamia meza.

"Ana sauti yako," Babu alisema. "Nilidhani ni wewe. Ukisoma... lazima nikuitike. Ndiyo ahadi yetu." Alifumba macho, akayafumbua. "Lakini nilishangaa. Siku zote hizi... hajakosea hata mara moja."

Chiriku alijikuta anacheka huku analia.

"Na kitu kingine," mzee alisema kwa sauti ya chini kabisa, kama asiyependa kusengenya mtu aliye karibu. "Havuti pumzi."

Walikaa hivyo mchana wote. Babu alikataa kuitika. Kila mara midomo ilipoanza kujikunja kwa mazoea, Chiriku alisoma kitu chochote na kukikosea: kibandiko cha chupa ya dawa, jina la shule lililotariziwa kwenye mfuko wa sare, na Babu alimkamata kila kosa, mara kwa neno, mara kwa kutikisa kidole. Shangazi alileta uji. Ulishuka. Kijiko kimoja, kingine, bakuli likaanza kuonyesha chini yake. Fundi alikuwa analia waziwazi sasa, akimtukana baba yake kwa mapenzi.

"Mzee mkaidi wewe. Binti yako nakuita siku na siku hunijibu, unafufuka kwa ajili ya Kilatini!"

"Uliniita... bila kosa," Babu alisema, na nusu ya uso wake ikatabasamu.

Mara moja tu, katikati ya hayo, chumba kilipotulia, Chiriku alimsikia. Ilikuwa mbali na ilikuwa karibu, kama sauti ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Ilikuwa sauti yake, anayoijua kama anavyojua harufu ya nguo zake, ikisoma maelezo ya neno "write" hadi nukta, ikinyamaza kungoja, ikiyasoma tena. Haikuwa na hasira. Haikuwa na haraka tena. Haikuvuta hewa popote. Alimwona Babu naye akisikiliza, taya zimekazwa, na akamshika mkono, na mkono ukamshika pia.

Kwenye dirisha mwanga ulianza kugeuka rangi. Ofisi zilikuwa zinafungwa. Barabarani watu walipita wakiongea kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi. Shuka la miguuni lilinyooka lenyewe, bila mkono wa mtu, kama vile anayeondoka ameondoa viwiko vyake. Wote watatu walishusha pumzi.

"Nenda nyumbani, mwanangu," Shangazi alisema. "Umechoka hadi mashavu yameingia ndani." Alikuwa amewapa mgongo, anakunja taulo dirishani. "Lakini asubuhi akianza tena? Mimi Kilatini sijui. Sauti yangu baba haijaizoea kwa kazi hiyo. Nitamzuia na nini?"

Chiriku alisimama. Aliweka prufu ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mkoba, mkoba begani. Alikuwa amekwisha kuamua zamani. Atamwambia mhariri ukweli, na kama hataki kuusikia basi atamwambia uongo, na atakuja hapa kila asubuhi kabla ofisi hazijafunguliwa, hadi Babu aweze kuketi na kumfukuza yule mgeni kwa kinywa chake mwenyewe. Alikuwa na hakika kwamba siku hiyo ingefika. Alikuwa bado anatafuta namna ya kulisema hilo bila kulia.

"Utakuja kesho mapema?" Shangazi aliuliza, bado anakunja.

"Nitakuja," ilisema sauti ya Chiriku.

"Asante, mwanangu," Shangazi alijibu. "Asante sana. Nitakufungulia mlango mwenyewe."

Chiriku alikuwa hajafungua kinywa.

Alitazama kitandani. Babu alikuwa anamtazama yeye, midomo yake, kifua chake, akitafuta pumzi. Shangazi aligeuka na taulo mikononi, uso wake umejaa shukrani, na shukrani hiyo ikaganda polepole alipoona namna wenzake walivyotulia.

"Kwani vipi?" aliuliza. "Si umesema utakuja?"

Ahadi ilikuwa imetolewa kwa sauti yake, na ilikuwa imepokelewa, na mlango ungefunguliwa. Chiriku alifikiria asubuhi: Shangazi akisikia hodi mapema, sauti anayoijua, akavuta komeo kwa furaha, huku yeye Chiriku angali njiani.

Alishusha mkoba begani. Alivuta hewa kwa kelele, kwa makusudi, hadi mapafu yakauma, ili wote wawili wamsikie.

"Hapana, Shangazi," alisema. "Siji kesho. Siondoki."

Akavuta kigoda karibu zaidi na kichwa cha mzee, akaketi, macho ya mzee yakiwa juu yake.

"Naam," alisema Babu.